Wifi ana funguo, mimi nina orodha ya Winnipeg

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mama wa miaka 59. Kwetu ni Same, ila nimeolewa Kusini mwaka wa 31 huu. Mume wangu alikuwa dereva serikalini, na alipostaafu tukachukua kiinua mgongo chake tukamalizia nyumba Mikindani. Ni vyumba vitatu na sebule, na ukikaa barazani jioni unaiona ghuba yote. Tunaishi kwa msimu. Septemba tunashuka na basi kutoka Dar, tunaokota korosho, tunasubiri minada, na malipo ya mwisho yakishaingia tunafunga nyumba na kurudi Mbagala kwa binti yetu. Yeye ni muuguzi, ana zamu za usiku, na wanawe wawili nawalea mimi. Kwa hiyo kuanzia Februari mpaka mwisho wa Agosti nyumba inabaki yenyewe. Shamba liko upande wa Naliendele, mikorosho 64, aliacha marehemu mama mkwe.

Shida inaanza kila tukirudi. Mwaka wa kwanza mchwa walikula kabati la chumbani kwa nyuma. Mlango ulifunguka vizuri kabisa, lakini nilipotia mkono kuchukua shuka nikagusa ukuta. Mwaka uliofuata magodoro yaliota ukungu na nguo za mzee za sherehe zikatoka madoa meusi yasiyofulika.

Tuna kijana wetu Winnipeg, Canada. Anasoma na kufanya vibarua. Kibarua kimoja ni kwa wazee wawili, mume na mke, ambao kila Novemba theluji ikikaribia hupanda gari lao kubwa la kulala, lenye kitanda, jiko na choo humo humo, wakaendesha mpaka Arizona kwenye jua. Hurudi Aprili. Mwanangu huwasaidia kufunga nyumba, na wakishaondoka huenda mara mbili kwa wiki kuiangalia, wanamlipa vizuri tu. Nilipomlilia habari ya kabati akanitumia kwa WhatsApp orodha ya mambo 22 wanayofanya wale wazee kabla ya safari. Baba yake akaipokea kama amri ya jeshi.

Orodha ilisema toa maji yote kwenye mabomba na matangi. Akafungulia simtanki letu la lita 1,000 lililoko juu ya mnara, likabaki tupu kavu. Orodha ilisema mimina dawa ya kuzuia kuganda kwenye masinki na choo. Akaenda mjini akarudi na koolanti ya gari, galoni la lita tano, akaimimina jikoni, bafuni na chooni, nyingine akaibakiza "kwa mwakani". Orodha ilisema ziba kila penye upenyo. Akaziba matundu ya hewa yote kwa magazeti na solotepu.

Tuliporudi Septemba hatukulikuta tangi. Lilikuwa nyuma ya banda la kuku la jirani, limepasuka ubavu. Jirani anasema liliruka usiku mmoja wa upepo mwezi wa nne. Ndani nyumba ilinuka kama pango, na mende walikuwa wamejaa bafuni.

Hayo yote nayameza. Lililonikaa kooni ni funguo. Anayeachiwa ni wifi yangu, dada wa mume wangu, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mimi siku ya kuondoka niliandika kwenye daftari namba ya LUKU, yaani umeme uliobaki kwenye mita, yuniti 41.3, nikashusha meni swichi kwa mkono wangu. Niliporudi swichi iko juu na mita inasoma 2.6. Kumbe wifi alimpangisha mwalimu mgeni chumba chetu cha wageni, Machi mpaka Agosti, elfu thelathini kwa mwezi. Mwalimu mwenyewe alikuja kunisalimia. Ni kijana mstaarabu, akanionyesha na mahali bati linapovuja koridoni, akisema kila mvua ikinyesha alikuwa anakinga ndoo. Ndoo yangu ya bluu. Nilimwambia asante kwa shida.

Wifi nilipomuuliza alinijibu neno moja: "Nyumba inataka mtu." Hela hakuitaja, radhi hakuomba. Na kila mwaka mimi namshukuru kwa kanga doti moja na sukari kilo mbili.

Mwaka huu nataka funguo nimpe yule jirani wa banda la kuku. Mume wangu anasema nikifanya hivyo nimemvua nguo mbele ya ukoo wake. Tumebakiza wiki tatu. Mjomba, nyumba tuifungeje, na funguo nimpe nani?

Mama wa Funguo, Mikindani

*

Marahaba, Mama wa Funguo, ingawa kwa miaka uliyoitaja sisi ni rika, na hiyo shikamoo nimeipokea kwa heshima ya jina la safu tu.

Nianze na koolanti kwa sababu haiwezi kusubiri. Hilo galoni la "mwakani" litoke ndani ya nyumba leo, au liwekwe juu, limefungwa, mahali wajukuu hawafiki. Koolanti nyingi za magari zina kemikali iitwayo ethilini glaikoli, nayo ni sumu yenye ladha tamu. Paka na mbwa huilamba wakafa, na mtoto naye hajui kwamba kinywaji cha rangi ya kijani si juisi. Wale wazee wa Winnipeg hawatumii hiyo. Wao wanamimina dawa nyingine, kwa kawaida ya rangi ya pinki, iliyotengenezwa kwa ajili ya mabomba ya nyumba na ya magari ya kulala, ambayo ukali wake ni mdogo sana. Na wanaimimina kwa sababu usiku wa kule unaweza kufika nyuzi 30 chini ya sifuri. Maji yakiganda yanatanuka, na yakitanuka yanapasua bomba. Mikindani maji hayajawahi kuganda ila ndani ya friji.

Lakini usiicheke orodha, maana kuna jambo la kweli ndani yake. Chini ya kila sinki pana bomba lililopinda kama herufi U, na choo nacho kina lake ndani. Maji yanayotuama pale ndiyo kizuizi, yanazuia harufu na wadudu wa shimoni wasipande. Kule adui wa hayo maji ni barafu, huku kwetu ni joto. Nyumba ikikaa miezi bila mtu kufungulia bomba, yanakauka taratibu, kisha mlango wa shimo uko wazi. Huenda mende wako walipita hapo, na sehemu ya harufu ya pango pia. Siku ya kuondoka mwaga maji kwenye kila sinki, kwenye tundu la bafuni na chooni, halafu juu yake mimina mafuta ya kupikia, kiasi cha kikombe cha kahawa. Mafuta yanaelea na kuyafunika maji yasikauke upesi. Choo kifunike, tundu la bafuni liwekee kigae au sahani nzito.

Tangi. Tangi tupu la plastiki juu ya mnara ni puto, na mzee wako aliliachia kamba mwezi wa pili wakati pepo na mvua kubwa ziko mbele. Likiwa na robo tu ya maji, la lita 1,000 lina uzito wa kilo 250 na ushee, na upepo wa kulibeba hilo utakuwa umeshabeba mengine mengi kabla. Mkinunua jipya liachieni maji nusu, mfuniko ukaze mbu wasizalie humo, lifungwe kwa waya au nondo kwenye mnara. Koki ya kutoka tangini kwenda ndani fungeni, na koki ya mita ya maji fungeni pia, ili kiungio kikiachia ndani kusifurike. Mabomba ya ndani yakibaki na maji kidogo hayadhuru.

Magazeti kwenye matundu ya hewa yatoke yote. Winnipeg wanaziba kwa sababu wanazuia baridi na panya. Wewe uko hatua chache kutoka baharini, hewa yenyewe ina chumvi na unyevu, na nyumba usipoiachia ipumue unaikuta imeota. Wekeni wavu wa chuma wenye matundu madogo kwa ajili ya popo na panya, hewa ipite. Magodoro msilaze kitandani, yasimamisheni ubavu katikati ya chumba. Makabati yaachwe milango wazi kidogo, na ndani wekeni kopo la mkaa, unanyonya unyevu. Nguo za mzee za sherehe sielewi kwa nini zinabaki Mikindani wakati mwenyewe yuko Mbagala ambako ndiko kwenye sherehe. Friji isafishwe, ikauke, mlango uwekewe kitambaa usijifunge. Mtungi wa gesi ufungwe, regileta itolewe. Hati ya nyumba na vitabu vya AMCOS, chama chenu cha ushirika wa wakulima, safirini navyo.

Sasa mchwa. Dawa ya fundi inasaidia, mwiteni apige kuzunguka msingi mara tu anapopatikana, lakini msitegemee dawa peke yake. Mchwa aliyekula kabati lako alitoka ardhini. Hapendi mwanga wala hewa ya wazi, ndiyo maana alijenga kichochoro chake cha udongo ukutani, nyuma ya kabati, mahali ambapo hakuna jicho linalofika. Kwa hiyo kila kitu cha mbao kisogezwe shubiri moja kutoka ukutani na miguu yake isimame juu ya tofali au kopo. Chini pasibaki boksi, kuni, wala gazeti. Nje, kuzunguka nyumba, pawe na njia ya upana wa hatua moja isiyo na nyasi, kifusi wala rundo la kuni, ili kichochoro kikipanda msingi kionekane. Kitaonekana na nani, hilo ndilo swali. Kichochoro cha mchwa kikiwa na urefu wa kidole unakimaliza kwa ufagio. Kikikaa miezi saba unalizika kabati.

Hapo ndipo orodha ya mwanao ina pengo. Umeandika mwenyewe, na nadhani hukusikia ulichoandika: wale wazee wakishaondoka, kijana wako huenda mara mbili kwa wiki kuiangalia nyumba, na wanamlipa vizuri. Bima nyingi za nyumba kule zina sharti kwamba ukiwa safarini majira ya baridi lazima mtu aingie akague kila baada ya siku chache, la sivyo bomba likipasuka hawakulipi. Wazee wale wamefanya mambo yote 22 na bado hawaiamini nyumba ikae peke yake. Jambo la 23 ni mwanao. Hakuliandika kwa sababu jambo lenyewe ni yeye. Na aliyempa funguo ndiye anayempa mshahara.

Kwenu Mikindani nafasi hiyo anayo wifi yako, na mshahara wake ni kanga.

Nimerudia barua yako mara tatu kwenye sentensi moja fupi, ile ya mikorosho 64 "aliacha marehemu mama mkwe". Umeipita mbio. Mama mkwe wako ni mama wa mumeo, na vilevile ni mama wa wifi yako. Sijui mliligawana vipi hilo shamba, hukusema, na nina wasiwasi hukusema kwa sababu halikugawanywa. Kwenu Upareni ukoo unafuata baba. Huku kwetu, kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ukoo wa jadi unafuata upande wa mama, na mali ya mama dada ana neno zito juu yake. Wakienda kwa sheikh, mirathi ya Kiislamu inampa binti fungu lake, nusu ya fungu la kaka. Chagueni hesabu mnayoitaka. Hakuna hesabu, ya sheikh wala ya ukoo, ambayo jibu lake ni doti moja na sukari kilo mbili.

Na kuna jambo lingine hukuliandika. Mnashuka Septemba mnaokota. Mkorosho hauzai kwa sababu umefika na basi. Mvua zikiisha unataka palizi na kupunguziwa matawi, na kuanzia Mei mpaka Agosti, ukianza kutoa majani machanga na maua, unataka dawa ya ugonjwa wa ubwiri unga, salfa ya unga au dawa ya maji, raundi baada ya raundi, kila wiki mbili au tatu kutegemea ni ipi. Ukiruka raundi, maua yanakauka na Oktoba unaokota majani. Miezi hiyo yote wewe uko Mbagala unapeleka wajukuu shule. Nani alifuatilia pembejeo, akatafuta kijana wa mashine ya kupulizia, akasimama chini ya mkorosho akihesabu kwamba 64 yote imepata? Kama mlimlipa mtu mwingine nitakuomba radhi. Kama ni wifi, basi alikuwa na kazi mbili, na siku moja akaamua kujilipa kwa chumba cha wageni.

Nisieleweke namtetea kwa yote. Simu anayo. Angeweza kupiga akasema, "Wifi, kuna mwalimu anatafuta chumba, nimpe?" Kumwingiza mtu mgeni kwenye nyumba ya watu bila kuuliza ni kosa, na lingeweza kuwa kosa kubwa kama mgeni angekuwa wa aina nyingine. Kukaa kimya juu ya laki na themanini nako si uungwana. Una haki ya kukasirika, na mume wako asikuambie kwamba huna.

Ila mpigie hesabu huyo mwalimu. Yuniti 38.7 kwa miezi sita ni taa na kuchaji simu. Na kama aliongeza umeme kwa hela yake, kila mwezi alikatwa humo humo na kodi ya jengo, 1,500, kwa nyumba ambayo si yake. Ninyi mngekuwa mmeiacha tupu bila kununua umeme, deni lingejikusanya na siku ya kwanza ya Septemba mngekatwa yote kwa pamoja. Halafu ile ndoo. Bati linavuja koridoni tangu Machi, mvua za masika zimepita zote, na dari yako haijaanguka. Mchwa je? Umesimulia mchwa wa mwaka wa kwanza na ukungu wa mwaka wa pili. Mwaka wa mwalimu umelalamikia tangi na koolanti, ambayo ni ya mzee, na mende, ambao ni wa bafuni kwenu mlikokufunga. Kabati hukulitaja.

Kwa hiyo jirani wa banda la kuku asipewe funguo. Mpe namba yako ya simu, mshukuru kwa kulitunza tangi bovu, basi. Ukimpa funguo, wifi ataacha hata kutupa jicho, mtaa mzima utajua sababu, na jirani mwenyewe atajuta kwa sababu atakuwa amewekwa katikati ya ndugu. Ikitokea kimbunga hatakuwa na ubavu wa kumwita fundi wala kumwambia mtu apande juu ya paa lako.

Nimetaja kimbunga makusudi. Wazee wetu wa Lindi walikuwa wanahesabu umri kwa kile cha Aprili 1952. Aprili 2019 Kenneth alitua Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma tu, na watu wa Mtwara walishinda siku hiyo wamehamia kwenye majengo ya usalama. Mei 2024 alikuja Hidaya, mvua ikakata barabara ya kwenda Dar upande wa Kilwa na mabasi yakasimama pande zote mbili. Siku kama hiyo, wewe uko Mbagala, umesikia bati limeng'oka. Unakuja na nini? Mtu wako lazima awe hatua chache na mlango, na awe na sababu ya kutoka nje usiku wa mvua. Kwa sababu hiyo hiyo, matawi ya mwembe yanayogusa paa yakatwe kabla hamjaondoka, majani yatolewe kwenye gata, na lile bati lipandwe na fundi ndani ya wiki hizi tatu, hata kama ni kubadilisha misumari na mipira yake tu. Chumvi ya Mikindani inakula misumari kabla ya bati.

Mazungumzo na wifi asianze nayo wewe. Aanze mume wako, yeye na dada yake, na wasianze na chumba cha wageni, waanze na shamba. Waulizane fungu la nani ni lipi, na kila malipo ya mnada yakiingia kwenye akaunti ya mzee, fungu la dada litoke siku hiyo hiyo, lisisubiri Idi. Mumeo ni mjomba wa watoto wa dada yake. Kusini hicho ni cheo chenye kazi, na anayehofia asivuliwe nguo mbele ya ukoo awe amezivaa kwanza.

Baada ya hapo ndipo ije habari ya nyumba, nawe uwepo. Mimi ningemwacha mwalimu, au mpangaji mwingine atakayekubaliwa na ninyi watatu, kwa karatasi iliyosainiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Chumba cha wageni, koridoni na bafuni ni vyake, na umeme ananunua yeye. Kodi ile elfu thelathini iwe ya wifi kama ujira wa kuangalia nyumba, kwa sauti na mchana, si kwa kunong'ona. Chumba chenu na stoo vifungwe, funguo zake ondoka nazo, ila ufunguo mmoja wa akiba ubaki kwa wifi ndani ya bahasha aliyoisaini mwenyewe, maana mchwa haombi ruhusa ya kuingia chumbani. Kila Jumamosi apite na ufagio, azunguke msingi, afungulie bomba dakika moja, asome mita.

Na mzee asikae Mbagala miezi saba mfululizo. Wewe una wajukuu, sawa. Yeye ni dereva mstaafu, safari moja zaidi ya basi haimshindi. Mvua zikitulia, mwishoni mwa Mei au Juni, ashuke wiki tatu, aone raundi ya kwanza ya dawa, apande aone bati, alale kwenye nyumba yake. Atajua pia kazi ya dada yake ni ya ukubwa gani, jambo ambalo kwa barua haliandikiki.

Wiki hii mwite wifi aje mfunge nyumba pamoja, chumba kwa chumba. Mafuta ya sinki ayamimine yeye, ajue yako wapi na ni ya nini. Daftari la LUKU mpe, namba ya kwanza aandike kwa mkono wake na akutumie picha. Ndoo ya bluu iacheni koridoni mpaka fundi ashuke kutoka juu ya paa.

Mjomba